Kondoo na Maharagi ya Mama Ngalula

Mwezi uliopita, baridi ya mwezi wa tano ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza, Mbombo alirudi Kolwezi. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa wasichana. Abiria wa basi la Lubudi walipokuwa wakishuka nilimpita bila kumjua, maana macho yangu yalikuwa yakimtafuta msichana mwembamba mwenye mwendo wa haraka, mpaka mwanamke mnene mwenye mvi, shali kiunoni na mfuko mmoja tu mkononi, akaniita "Mwami", jina ambalo siku hizi hakuna anayeniita. Wengine wote wananiita Mama Mwamini, au Bibi. Tulishikana mikono muda mrefu bila kulia, ingawa nilidhani tungelia. Aliniambia mama yake, Mama Ngalula, amefariki huko Mwene-Ditu baada ya kuugua kwa muda, na kwamba alikuwa amemwomba sana aje huku kabla watu wote wa zamani hawajaisha. Nilipomuuliza njiani nimpikie nini, alijibu pale pale, kama mtu aliyeubeba mfuko wake kutoka Kasai kwa sababu ya jibu hilo tu: "Kondoo na maharagi. Ile ya mu lupango yetu." Lupango ni ua, kiwanja chenye nyumba na kila kilichomo ndani yake, na mimi na Mbombo tulikulia katika lupango mbili zilizotenganishwa na mstari wa majani ya kupikia tu.

Chakula hicho nimekipika maisha yangu yote. Nimekipika kwenye arusi za wanangu, nimekipika siku za Idi, na wajukuu wangu wanaamini kwamba ni chakula cha kwetu, cha watu wa Maniema, kilicholetwa na babu zao waliokuja huku kufanya biashara. Sikuwahi kuwasahihisha. Lakini asubuhi ile, Mbombo akiwa bado amelala chumba cha nyuma, nilipoketi na ungo mapajani kuchambua maharagi, nilijikuta nimesimamisha vidole. Kila mara ninapochambua maharagi vidole vyangu husimama hivyo, kwa muda mfupi sana, kama vinatarajia kugusa kitu cha chuma. Watoto wangu hudhani ni uzee. Ni mwaka ule mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka ule shule yetu ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyetuambia itafunguliwa lini. Mama yangu aliuza vitenge na chumvi sokoni na kurudi jua likiwa limeinama. Baba yangu alikuwa na lori moja la kubebea mizigo ya watu, na mara nyingi alikuwa Mutshatsha akipakia makala, makaa ya kupikia. Kwa hiyo siku zangu nilizimalizia jikoni kwa jirani. Mtaa wetu ulikuwa mpakani: safu ya mwisho ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, halafu viwanja vya watu kama sisi. Tata Mukendi, mume wa Mama Ngalula, alikuwa fundi katika karakana ya mgodi, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya mgodi. Jiko lao lilikuwa chumba kidogo cha matofali nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi, dirisha moja lisilo na kioo lililoangalia kwetu. Ndani kulikuwa na mbabula mbili, majiko ya makala, benchi, na msumari mmoja mrefu ukutani ambapo alining'iniza vifungu vya majani akivikausha kwa ajili ya kiangazi. Tata Mukendi alikuwa na kifua kibovu. Alipokuwa hayuko kazini aliketi mlangoni mwa jiko hilo juu ya kiti cha kamba, akimenya vitunguu saumu kwa kisu kidogo, kazi ambayo wanaume wengine wa mtaa waliicheka, naye aliifanya taratibu huku akikohoa na kuomba radhi baada ya kila kikohozi.

Majani yenyewe ndiyo yaliyokuwa utajiri wake Mama Ngalula. Ujanani aliwahi kupika katika nyumba ya injinia mzungu, na alipoondoka kule alichukua mbegu na majina. Kulikuwa na tim, kijani kidogo kikavu chenye harufu ya vumbi baada ya mvua. Kulikuwa na seleri, na persi yenye majani yaliyojikunja. Na kando ya hayo ya wazungu alipanda kivumbasi, ambacho kwa lugha yao alikiita lwenyi na akasema kiliwatangulia wazungu wote. Alichimba udongo wa kichuguu akauchanganya na samadi, akapanda mstari mrefu kutoka bomba la maji hadi kwenye choo, pale pale ambapo watu wengine wangejenga ukuta. Maji tuliyooshea vyombo, wao na sisi, yote yalimwagwa pale. Mama yangu hakuwa mtu wa kusifu mambo ya watu, lakini alizoea kuchuma tawi la kivumbasi anapokwenda sokoni asubuhi, akalinusa njia nzima.

Kondoo wa kwanza wa mwaka ule alikuja juu ya magunia ya makala, amefungwa miguu, mweusi kwa vumbi mpaka tukadhani ni mbuzi. Baba alimshusha mwenyewe. Mama Ngalula alitoka na kisu kilichonolewa, akampa baba kwa mikono miwili. "Tata Mwamini, chinja weye," alimwambia. "Ukichinja weye, bote tutakulya. Nikichinja mi, tutakulya paka siye," yaani wao peke yao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara. Baba alisoma bismillahi, Tata Mukendi alishika miguu, na nyama ikawa ya nyumba mbili. Siku hiyo ndipo Mama Ngalula aliponifundisha. Aliniketisha kwenye benchi karibu na Mbombo akasema kwamba mtu mwenye haraka asipike maharagi, apike mayai. Tulichambua, tukaosha, tukayabandika. Maji ya kwanza yalipochemka aliyamwaga yote, kwa sababu, alisema, maji ya kwanza ni ya tumbo kuuma. Kwenye sufuria nyingine alikata mafuta ya mkia, akayaacha yayeyuke yenyewe, kisha akaweka nyama ya shingo na ya mguu na mifupa yake. Hakuigeuza mpaka iwe nyekundu upande mmoja. Mimi nilinyoosha mkono kugeuza, akanipiga kidogo na mwiko. "Wacha. Nyama itakuambia yenyewe. Ikishikamana na sufuria, bado inakukatala." Vitunguu, kitunguu saumu cha Tata Mukendi, nyanya zilizosagwa kwa mkono. Kisha maharagi yaliyoiva nusu yakaungana na nyama, na kifungu cha tim kilichofungwa na uzi kikazama katikati. Chumvi haikuonekana mpaka mwisho, maana maharagi yakionja chumvi mapema yanakaza. Seleri iliingia karibu na kuiva. Persi na kivumbasi alivikata pale sufuria ilipokwisha kuepuliwa, akavitupa juu, akafunika, akakalia benchi na kukunja mikono. "Sasa hakuna kazi," alisema. "Sasa ni kungojea, na hii njo inashinda bantu."

Tulikula uani, sinia mbili, bukari, yaani ugali, katikati. Tata Mukendi alifanya ishara ya msalaba, baba akasema neno lake, na mikono yote ikaelekea kwenye sinia. Nakumbuka mchuzi ulivyokuwa mzito, maharagi yamefunguka bila kuvunjika, nyama ikiachana na mfupa ukiigusa kwa kidole, na juu ya yote ile harufu mbichi ya majani iliyofanya chakula kizito kiwe chepesi mdomoni. Baba alipomaliza alinawa akasema, "Mama Ngalula, kama gari yangu ingekuwa inakunywa hii, ningefika Dar es Salaam." Hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi ya mzaha niliyowahi kuisikia kutoka kwake, na Tata Mukendi alicheka mpaka kifua kikamshika. Mbombo alikuwa akitaka kuwa muuguzi, na alipoona baba yake anakohoa hivyo aliweka sikio mgongoni kwake, mbele yetu sote, akasikiliza kwa uzito kama daktari. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimekula vizuri sehemu nyingi. Sijawahi tena kuketi mahali ambapo watu wa nyumba mbili hawakuwa na kitu chochote cha kufichana.

Mambo yaliharibika polepole, halafu yakaharibika mara moja. Kwanza ilikuwa maneno ya bombani. Mwanamke ambaye kwa miaka alikuja kuomba persi alianza kupita bila kusalimu, kisha siku moja nikamsikia akimwambia mwenzake, huku anajua ninasikia, "Bale ba Kasai, bamekula ya kutosha. Barudi kwabo." Wanasiasa walikuwa wakisema hayo hayo kwa maneno marefu, na vijana walikuwa wakiyafupisha. Mama Ngalula alikuwa amezaliwa hapa. Kasai kwake ilikuwa nyimbo za mama yake na majina ya vijiji ambavyo hakuwahi kuviona. Mchana mmoja tulirudi kutoka mtoni tukakuta mstari wa majani umekanyagwa kutoka bombani hadi mwisho. Mbombo alitaka kwenda kuwauliza vijana waliokuwa wamekaa ng'ambo ya barabara. Mama yake alimshika mkono, akapiga magoti, akaanza kuinua mashina yaliyokuwa bado na mizizi na kuyakandamiza udongo. Mimi nilipiga magoti upande wa kwetu. Tulifanya kazi hiyo mpaka tukakutana katikati, na Mama Ngalula alisema tu kwamba seleri ina roho ngumu na persi ina roho nyepesi.

Mvua zilipoanza, Tata Mukendi aliambiwa asirudi kazini, na kwamba nyumba itachukuliwa. Watu wengi wa asili yao walikuwa wamekwisha kuhamia gare, yaani stesheni, wakilala chini ya turubai na mabati pamoja na vitanda na kuku wao, wakisubiri treni ambayo huenda ingekuja wiki hii au mwezi ujao. Baba alikwenda kule mara moja kuangalia. Aliporudi alivuka moja kwa moja mstari wa majani, akasimama mbele ya kiti cha Tata Mukendi. Nilikuwa jikoni na Mbombo, tukasikia kila kitu. "Ku gare hamutaenda," baba alisema. "Na hii kifua yako, mule mu mvua? Hapana. Mi niko na gari. Nitakufikisha Kamina kwa ndugu ya bibi yako, na pale mutaona treni nyingine." Tata Mukendi akasema, "Tata Mwamini, hii njia ni mubaya sasa." Baba akajibu, "Njia ninaijua. Alhamisi." Mbombo alinishika mkono chini ya benchi. Mama Ngalula, aliyekuwa akikuna sufuria, aliendelea kukuna, ila nikaona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Siku mbili kabla ya Alhamisi nilikuwa nikipiga pasi kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yetu, alasiri, mvua imekatika. Wazazi wangu walikuwa chumbani kwao, mlango umerudishwa. "Bamechoma gari ku njia ya Likasi," mama alikuwa akisema. "Dereva bamemutosha inje, bamemupiga. Ilikuwa inabeba bantu ba Kasai." Baba alisema hatapita njia ya Likasi, atapita ya Lubudi. "Na ku Lubudi hakuna bantu?" mama akauliza. Nilisikia kitanda kikilia, mtu ameketi. "Mukendi atakufa ku gare," baba akasema. "Na weye utakufa ku njia. Mi nitabaki na batoto na nani?" Halafu baba, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba asaidiwe, akasema, "Nilimupa neno yangu. Siwezi kurudi kumuambia hapana." Nilinyanyua pasi, nikakuta nimeunguza kola ya shati la baba.

Alhamisi asubuhi vyombo vyote vya Mama Ngalula vilikuwa vimefungwa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza chakula kilipikwa kwetu. Tulipanga wapakie mchana, waondoke na chakula cha njiani kikiwa bado moto. Kondoo alichinjwa mapema. Tata Mukendi alisimama kwenye mstari wa majani amevaa kofia yake ya kwenda misani, masanduku yamepangwa kando yake, na baba alikuwa akizunguka lori akitafuta ufunguo. Alikuwa ametafuta chini ya kiti, ametafuta mifukoni, sasa alikuwa amelala chali chini ya lori kana kwamba ufunguo ungeweza kuning'inia huko. Mama alikuwa amekwenda sokoni kama kawaida. Nilikwenda chumba cha akiba kuchota maharagi. Nilizamisha bakuli katika gunia, nikazamisha mkono kuongeza, na vidole vyangu vikagusa chuma.

Niliutambua kabla sijautoa. Nilielewa pia ni nani aliyeuweka, na kwa nini, na sikumchukia. Lakini nilikuwa na furaha, nisiseme uongo, furaha ya mtoto aliyeokota kilichopotea. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikainama kando ya gurudumu ambapo Tata Mukendi asingeweza kuniona, nikamnyooshea baba ufunguo. Alitoka chini ya lori polepole. "Ulikuta wapi?" "Mu maharagi." Aliutazama ufunguo. Hakunitazama mimi. Aliusugua kwa kidole gumba kuondoa vumbi la maharagi, upande mmoja, halafu upande wa pili, na mimi nikasubiri asimame, apande, awashe. Badala yake aliuweka tena katika kiganja changu akakifunga kwa mkono wake. "Rudisha pale ulitosha," alisema, kichwa kikielekea mlango niliotokea. Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba?" "Rudisha, mama." Alikuwa akiniita mama tangu nikiwa mdogo, kwa upendo, lakini siku ile ilisikika kama ombi. Kisha akalala tena chini ya lori, akaendelea kutafuta.

Niliurudisha. Ningeweza kuvuka mstari wa majani na kuuweka mkononi mwa Tata Mukendi, lakini Tata Mukendi hakujua kuendesha lori, na hata angejua, lori lilikuwa la baba na barabara ilikuwa na watu wenye mapanga. Nimeipima asubuhi ile kwa mizani nyingi. Kuna siku ninaamini kwamba wangefika Kamina jioni ya siku ya pili wakiwa wamechoka tu. Kuna siku ninaamini wangechomwa wote, na baba pamoja nao, na mama yangu ndiye aliyeokoa watu wengi kuliko tulivyojua. Hakuna atakayeniambia ipi ni kweli, na kutojua huko ndiko kunakoniuma, maana majuto ya jambo lenye uhakika hatimaye huchoka, lakini haya yangu hayajachoka.

Mama Ngalula alipoambiwa kwamba ufunguo haupatikani alikuwa tayari amemwaga maji ya kwanza. Alisimama na kifuniko mkononi. "Funguo inapoteaka," alisema, akakirudisha kifuniko. Akanituma seleri. Tulipika mpaka mwisho, hatua zote, hakuruka hata moja. Alikata persi yote iliyokuwepo, hadi vichipukizi, kwa kuwa hakuona sababu ya kuiacha. Halafu baba alikodi mkokoteni. Alipakia vitanda na masanduku, akaiweka sufuria katikati na kuizungushia blanketi, na akausukuma mwenyewe mpaka gare, kupita mbele ya wale vijana wa ng'ambo ya barabara, jasho likimtiririka. Watu waliona ujasiri. Kwa kweli kulihitaji ujasiri. Nilikuwa nikitembea nyuma yake na Mbombo, nikaona jinsi alivyoinamisha kichwa, na nilijua kwamba Tata Mukendi, aliyeshika ubavu wa mkokoteni ili sufuria isimwagike, alikuwa akimshukuru kila baada ya hatua chache, akikohoa na kuomba radhi.

Walikaa gare wiki nyingi. Mvua ilinyesha upande upande, ikaingia chini ya turubai. Nilipeleka chakula karibu kila siku. Baba alikwenda pia, akaketi na Tata Mukendi kwenye reli, wakaongea habari za kamba za gari na bei za makala kama wanaume wawili waliosimama kivulini. Tata Mukendi alikuwa akikonda. Siku treni ilipokuja, mabehewa wazi ya mizigo, baba alisema ana homa, akabaki kitandani amegeukia ukuta. Nilikwenda na mama yangu. Mama yangu alibeba mikate na kitenge kipya, akakifunga mwenyewe begani kwa Mama Ngalula, fundo likamteleza mara mbili hata Mama Ngalula akamsaidia kulifunga. Kutoka juu ya behewa Mama Ngalula aliinama akaniambia niendelee kumwagilia, na persi ikitoka tena niikate juu bila kung'oa shina. Halafu akasema, "Ambia baba yako aksanti. Muambie tumeona roho yake." Mbombo alikuwa ameweka sikio mgongoni mwa baba yake.

Kesho yake mama alitoka chumbani na ufunguo mkononi. "Uko hapa," alisema. "Ulianguka nyuma ya kabati." Baba akaupokea. "Aksanti," alisema. Hayo ndiyo maneno yote yaliyopita kati yao juu ya jambo hilo hadi kifo kilipowatenganisha. Mama alikufa akiamini kwamba alimficha mumewe, na baba alikufa akijua kwamba alifichwa na alikubali kufichwa, na mimi nilikula nao meza moja, nikiwahudumia wote wawili. Kabla mwaka haujaisha dereva mmoja alileta habari kwamba Tata Mukendi hakufika Kasai. Alifia ndani ya behewa, treni ilipokuwa imesimama siku kadhaa, na wakamzika Lubudi karibu na reli. Baba alikuwa anakula. Alimaliza chakula chake, akanawa, akatoka nje akaketi ndani ya lori, milango imefungwa, mpaka mama alipomtuma mdogo wangu kumwita. Tangu siku hiyo hakuleta tena kondoo kutoka Mutshatsha. Nilipotaka kupika chakula kile nilinunua nyama sokoni, naye alikula bila kusema lolote, baya wala zuri.

Mbombo alikula sahani ya kwanza mwezi uliopita kwa vidole, jinsi tulivyokuwa tukila zamani. Aliongeza. Akasema nimezidisha kivumbasi kidogo, na kwamba mama yake angenipiga na mwiko. Tulicheka. Ndipo akafuta mikono, akasema sababu ya safari yake. "Mi nilipitia Lubudi kwanza. Nilikuwa natafuta kaburi ya papa. Nilifikiri nitakuta paka majani, ao hakuna kitu. Nilikuta simenti, Mwami. Muzuri, na jina yake juu. Mama moja anauzaka mihogo karibu na gare njo aliniambia. Alisema kulikuwa dereva moja wa Kolwezi, muislamu, miaka mingi alikuwa anasimamisha gari yake pale kila akipita. Analima majani, anaikala chini kidogo, anaenda. Njo yeye alijenga." Alinishika mkono juu ya meza. "Mama alijuaka kusema: Tata Mwamini njo muntu moja tu Kolwezi alitupenda mupaka mwisho. Nimekuya kukuambia aksanti, juu yeye hayuko."

Sikujua habari ya kaburi lile. Baba hakumwambia mtu. Nilikaa na mkono wa Mbombo juu ya mkono wangu, nikaona kwamba naweza kuunyamazia ukweli, na kwamba nikiunyamazia atarudi Mwene-Ditu na baba yangu mzuri kuliko yule niliyemzika. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya gunia, ya gurudumu, ya kidole gumba kikisugua ufunguo, ya lile neno "rudisha". Nilimwambia na ya mama yangu. Sikumtetea yeyote kati yao. Aliutoa mkono wake, si kwa hasira, aliuhitaji kushikia shali. Nje wajukuu walikuwa wakicheza mpira dhidi ya ukuta na nikatamani waache.

"Na mama yako, alijua kama baba yako alijua?" aliuliza baadaye.

"Hapana."

Aliitazama sahani. "Miaka yote ile anafika Lubudi," alisema. "Anaikala na papa. Na siye tuko Mwene-Ditu. Kutoka Kamina si mbali, madereva banafikaka kila siku." Alifikiri tena, akitikisa kichwa polepole, na aliposema sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonivunja. "Angefika tu. Angesema yote. Mama angemupikia."

Chumba kilikuwa kimeanza kuwa na baridi. Juu ya chakula kilichobaki mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda, meupe, yamefunika maharagi na majani, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono.